Fundi wa Ngong Road aliyetujengea roshani ya kanisa

Nyota nne, na hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ya ngazi, nitafika hapo.

Kigango chetu kilikuwa kimejaa mpaka watu wanasikiliza Misa wakiwa dirishani, ikinyesha kina mama wenye watoto wanarudi nyumbani tu. Kupanua haiwezekani, ploti imebanwa na maflati pande zote. Sasa akaja Padri mmoja kutusaidia, kwao ni nchi ya Wabaski, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, ule upande ulio Ufaransa, siku ya kwanza akaangalia juu akauliza, "Na hii hewa yote mmemwekea nani?" Akatoa simu akatuonyesha picha za kanisa la kijiji kinaitwa Itxassou, na mimi tangu siku hiyo sijaacha kufikiria hilo kanisa.

Huko kwao karne ya 16 na 17 watu waliongezeka na kanisa lishajengwa kwa mawe, kuta nene, kubomoa si mchezo. Wakapanda juu kwa mbao. Wakazungusha roshani ndani ya kuta, moja juu ya nyingine, Itxassou ziko tatu, na kanisa la mji wa Saint-Jean-de-Luz, pale Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipofunga ndoa na Maria Theresa wa Hispania tarehe 9 Juni 1660, ziko tatu kwa pembeni na nyuma zinafika tano, halafu dari ya mbao imepinda kama jahazi lililopinduliwa, na ni mji wa mabaharia kweli. Wanaume walikaa juu, wanawake chini. Hapo nilitaka kukasirika mpaka Padri akatueleza kule chini kulikuwa na nini: makaburi. Kila nyumba ya kijiji ilikuwa na sehemu yake sakafuni, kwa Kibaski wanaiita jarleku, mama wa nyumba anapiga magoti juu ya watu wake waliolala pale na anawawashia mshumaa. Na sehemu hiyo ni ya nyumba, si ya mtu, ukiuza nyumba inaenda na nyumba. Mwaka 1776 mfalme wa Ufaransa akazuia kuzika watu ndani ya makanisa, lakini kina mama waliendelea kuwasha mishumaa palepale, kaburi jipya liko nje na mwanga bado uko ndani. Sisi tunaozika shambani tunaelewa hiyo kitu vizuri sana.

Basi tukachanga. Karakana tuliyoipata iko Ngong Road, Nairobi, zile za kando ya barabara, fundi ni mzee wa maneno machache. Nilimwonyesha picha, akaikuza kwa vidole viwili akakaa kimya, halafu akasema, "Mama, huyu aliyekereza hizi nguzo hakuwa na haraka." Nikajua tumefika.

Mbao za kwanza tulizomnunulia alizikataa, saiprasi ilikuwa bado na maji, akabonyeza kucha ikaacha alama, akasema zitajikunja kabla ya Pasaka. Tukangoja zingine. Injinia alisema uzito wa watu lazima ubebwe na chuma, na fundi hakubishana, alisimamisha vyuma vya injinia akavivisha mbao mpaka ukiangalia huoni mahali zilipoungana. Reli ya mbele ni mahogani, alipiga msasa mara nne, akipitisha kiganja, anasimama, anarudi kwa ile sehemu moja. Nguzo ndogo za reli alizikereza moja moja na hazilingani kabisa kabisa, ukisogea karibu unaona, na mimi napenda hivyo hivyo.

Ufundi tulilipa laki moja na themanini kwa awamu tatu, vifaa tulinunua wenyewe. Alichelewa wiki mbili, simu mara iko mara haiko, lakini kila akija anafanya kazi.

Sasa ngazi. Aliiweka wima sana kuokoa nafasi, na Jumapili ya kwanza shosho mmoja wa jumuiya yetu alipanda akashindwa kushuka, vijana wawili wakamshika mikono. Niliumia sana, maana wazee ndio tulitaka wakae vizuri. Padri anasema huko kwao makanisa mengine ngazi iko nje kabisa, ya mawe, na sisi hilo tungeuliza mapema. Fundi alirudi akaongeza vipandio vitatu na reli upande wa pili bila kutudai hata shilingi, lakini bado ni wima.

Siku hizi kwaya na vijana ndio wako juu, wazee na kina mama wenye watoto wanakaa chini, na mvua ikinyesha hakuna anayerudi nyumbani. Ukimtafuta nenda na picha na vipimo, mpeleke saiti kabla hamjakubaliana bei, na cha kwanza mwonyeshe ngazi itaanzia wapi. Jumapili hafungui.