MediaWiki kwa Mafundi: Tathmini ya Programu ya Kuhifadhi Ujuzi Kazini

MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, hupatikana bila malipo na huweza kusimikwa kwenye seva ya ofisi yenyewe. Idara yetu ya matengenezo huitumia kuhifadhi yale ambayo mafundi wazoefu walizoea kuyaeleza kwa mdomo tu, na kwa kazi hiyo naipa alama za juu.

Sifa yake kubwa ni historia ya ukurasa. Katika ukurasa wa jenereta ya dizeli isiyowaka, fundi mkongwe aliandika kwamba kabla ya kulaumu betri, mtu achunguze kwanza kama hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta. Kijana wa zamu ya usiku akaongeza picha ya skrubu ya kutolea hewa, na mwingine akapanga upya hatua, huku kila badiliko likibaki na jina la mhusika na saa yake, hivyo kosa hurekebishwa bila ugomvi. Ukurasa wa majadiliano ulioambatana nao ndio, kwa maoni yangu, unaowafanya wasomaji kuwa jumuiya ya wanataaluma.

Alama maalumu ambazo MediaWiki hutumia kupangia maandishi huwatisha wageni, ingawa kipo pia kihariri cha kuandikia bila alama hizo. Aidha, haikubuniwa kuficha baadhi ya kurasa kwa baadhi ya watumiaji, kwa hiyo nywila na taarifa za mishahara zisiwekwe humo. Ofisi isiyoweza kumpa mtu muda rasmi wa kuihudumia seva na kuunganisha kurasa zinazojirudia, ni afadhali iendelee na daftari lake.