Leza ya kine na kidole changu, Bukavu

Mimi ni fundi cherehani, Kadutu. Bati lilinikata kifundo cha mkono. Daktari akaushona mshipa wa fahamu, lakini kidole cha mwisho kikabaki na ganzi, hata sindano ikinichoma siisikii. Jeraha lilipopona nikaenda kwa kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, mwenye mashine ya leza. Unavaa miwani, anaweka kichwa cha mashine juu ya kovu, taa nyekundu, dakika chache, hakuna maumivu. Aliniambia wazi: mshipa huota kama milimita 1 kwa siku, leza ni ya kusaidia tu, mazoezi usiache. Nilimpenda kwa ukweli huo. Mara mbili umeme ulikatika, nauli yangu ikapotea. Huu mwezi wa tano, nikipapasa kitenge kidole kinawasha kama kimeumwa na siafu. Nililia kwa furaha.