Chipu ya kunasa na kupasua seli moja moja: kunasa safi, umeme bado
Nimeitumia chipu hii, kibao kidogo chenye mifereji myembamba ya majimaji, kwa seli nyeupe za damu, na kwenye kunasa sina neno. Ni silikoni laini iliyogandishwa juu ya kioo, angavu kabisa, kwa hiyo chini ya hadubini unaona kila kitu. Seli zinapita kwa foleni kwenye mfereji wa upana wa maikromita 30 hivi, maana kwenye nafasi finyu namna hiyo maji hayavurugiki. Moja ikiingia kwenye kijishimo cha kunasia inaziba upenyo wa nyuma yake, na zinazofuata zinalazimika kupita pembeni. Raha kuitazama!

Kupasua ndiko kwenye maneno. Ukiwasha umeme, utando wa seli unatoboka na vilivyomo vinamwagika papo hapo, bila sabuni ya kuja kuharibu vimeng'enya baadaye. Lakini volti zikizidi kidogo tu, elektrodi (ncha zinazoingiza umeme kwenye majimaji) zinatoa viputo vya gesi, na kiputo kimoja kinatosha kuziba njia nzima. Kisanduku chake cha umeme kingetoa mkondo geu wa masafa ya juu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo mara nyingi sana kwa sekunde, tatizo lingepungua sana.

Wanaopima dawa watafute chipu ya kioo pekee, kwa sababu silikoni hii hunyonya kemikali zinazopenda mafuta. Na chujeni sampuli kwanza. Bonge dogo la seli linaziba mlango.