PS4 haiwaki: fundi au mtumba?

PS4, mashine ya gemu ya Sony, ikigoma kuwaka, wengi hapa Dar hukimbilia Kariakoo kutafuta nyingine iliyotumika. Mimi naanza na fundi, ila dalili ndiyo iamue.

Ukibonyeza isitoe taa wala mlio, jaribu soketi na waya mwingine, kisha shuku pawasaplai, kifaa kinachoipa mashine umeme. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, hiyo huumia mapema. Iko ndani, na fundi huibadilisha nzima. Taa nyeupe ikiwaka bila picha, angalia tundu la HDMI, linapochomekwa waya wa TV: pini zikipinda, fundi mwenye mkono mwepesi huchomelea tundu jipya. Hadidiski, inayohifadhi gemu, ikifa nayo ni ya inchi 2.5, kama ya laptop, unabadilisha mwenyewe. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7. Menyu ya usalama (Safe Mode) ikifunguka, ubao mkuu bado uko hai. Kwa hali hizi, kununua nyingine ni kutupa hela. Tena gemu ulizofikia mbali hazihami kwa kuchomoa hadidiski na kuipachika kwenye mashine nyingine, haisomeki huko.

Taa ya bluu inayopepesa kisha ikazima, hapo kuna kazi. Ikiwa chipu kuu imeachia kwenye ubao, kuipasha moto huifufua kwa muda tu, na pesa ya fundi imekwenda. Chukua mtumba. Lakini icheze gemu zito mbele yako mpaka ipate joto, ukisikiliza feni, halafu iingie kwenye mtandao wa PlayStation, kwa sababu iliyofungiwa na Sony haitakubali.