Corolla 110, maji na kutu: uzoefu wangu na fundi bodi aliyeanza na mpira wa maji

Nimesubiri masika mawili yapite ndipo niandike. Ningeandika siku nilipolitoa gari gereji ningesifia rangi tu, na rangi mpya huwa inapendeza wiki ya kwanza hata kama chini yake pameoza.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, injini 5A, ninalo tangu 2010. Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo kwa miaka mingi limevuka na pantoni ya Magogoni asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki. Anayevuka pale anajua: upepo ukivuma kutoka baharini, kioo kinabaki na utando wa chumvi ambao waipa zinausambaza tu. Chumvi hiyo haiishii kwenye kioo. Inaingia kwenye maungio ya bati, chini ya milango, ndani ya matao ya matairi, na ikishatulia humo inavuta unyevu hata siku ambayo hakuna mvua. Nyumbani nilikuwa naegesha chini ya mkungu, kwa ajili ya kivuli. Huo mkungu nao una kesi yake, nitaufikia.

Dalili ya kwanza ilikuwa harufu. Ukifungua mlango asubuhi, gari linanuka kama nguo iliyoanikwa ndani siku tatu. Nikanunua manukato ya gari, nikanunua mazulia mapya ya miguuni, nikaendelea na maisha. Halafu siku moja nikapata pancha njia ya Kibada. Nafungua buti nitoe spea, nakuta tairi limelala kwenye maji hadi nusu ya rimu, jeki imeshikana na bati kwa kutu, na pembeni kuna tundu ninaloweza kupitisha kidole nikaona mchanga wa barabarani. Niliumia sana. Hili ndilo gari lililowapeleka watoto wangu wote wawili shule tangu chekechea.

Gereji ya kwanza niliyoipelekea siitaji. Walinipokea vizuri, wakaniambia siku tatu na shilingi 650,000. Wakagonga kutu iliyolegea, wakajaza puti, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, kwenye matundu, wakapiga msasa, wakapaka rangi, kisha wakazungushia silikoni pembeni mwa taa za nyuma. Gari lilitoka linang'aa. Mwezi wa saba tangu hapo rangi ikaanza kuvimba kama malengelenge kwenye sakafu ya buti na chini ya mlango wa nyuma, na maji yakarudi kwenye shimo la spea kama kawaida yake.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, na naieleza kwa sababu najua wengi wanapigwa fedha kwa njia hiyohiyo. Puti si chuma. Ina vitundu vidogo na inanyonya unyevu. Ukiijaza juu ya tundu, upande wa juu unalindwa na rangi, lakini upande wa chini unapigwa na maji ya matairi kila siku, unyevu unapanda, kutu inaendelea kula pembeni. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana inasukuma puti na rangi mpaka vinabanduka. Ile silikoni nayo ilikuwa ya kawaida ya mabafuni, ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Harufu ile ni asidi, na asidi juu ya bati lililokwanguliwa ni kuialika kutu.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani mwenye Hiace. Ni mzee wa makamo, ana banda la mabati hukuhuku Kigamboni, vijana wawili na kompresa moja. Kwa sura ya pale ningepita bila kugeuka. Alizunguka gari, akaingiza mkono chini ya kapeti, akanusa vidole. Nikamuuliza, "Fundi, itanigharimu kiasi gani?" Akasema, "Mama, kutu hii naiona. Maji yanapita wapi, hilo bado sijaliona. Niachie gari kesho, siku nzima, bei tutaongea jioni."

Kesho yake nilichukua ruhusa kazini nikakaa kwenye benchi lake kuangalia. Asubuhi yote ilikuwa ya kufungua: siti ya nyuma, kapeti, yale magodoro ya chini ya kapeti, plastiki za pembeni mwa buti, plastiki za milango. Godoro la upande wa abiria lilikuwa zito kama sponji ya kuoshea. Vyote vikaanikwa juani. Bati lilipokauka akafuta kwa kitambaa, akalipaka unga wa chaki, miguuni akatandaza magazeti. Kijana mmoja akaingia ndani ya buti na tochi, buti likafungwa. Mzee akachukua mpira wa maji.

Nilidhani atamwaga kutoka juu kama mvua. Hapana. Alianzia chini kabisa, usawa wa bampa, maji ya taratibu bila presha, akakaa sehemu moja karibu dakika kumi kabla ya kupanda kidogo. Nilipouliza kwa nini, alinieleza kwamba ukianza juu maji yanatiririka kila mahali, hutajua tundu ni lipi. Ukianza chini, pale yanapoingia mara ya kwanza ndipo penyewe. Kijana akawa anagonga bati kila anapoona mstari unachora kwenye chaki.

Jioni tulikuwa na njia nne, na hakuna hata moja iliyokuwa pale gereji ya kwanza ilipoweka nguvu zake.

Ya kwanza ni taa za nyuma, sawa, lakini si pembeni yake. Sponji iliyo kati ya taa na bodi ilikuwa imekauka na kuwa ngumu, maji yakawa yanapita kwenye tundu la skrubu, nyuma ya silikoni ile. Kwa kweli silikoni ilikuwa inayazuia yasitoke. Ya pili ni maungio ya bati kwenye kona ya mfereji wa buti, juu ya taa ya kulia, ambako gundi ya kiwandani ilipasuka mstari mwembamba kama unywele.

Ya tatu ndiyo kesi ya mkungu. Chini ya waipa kuna bati lenye matundu linalopokea maji ya kioo cha mbele na kuyatoa pembeni kupitia nyuma ya matao ya matairi. Alipofungua plastiki yake, alitoa majani na makokwa yaliyooza nusu ndoo, yamegeuka udongo mweusi wenye minyoo. Njia za kutolea maji zilikuwa zimeziba, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji yanajaa pale na kumwagikia ndani kwenye tundu la kuingizia hewa. Miaka yote hiyo nilikuwa nalinda gari na jua huku naliua kwa majani.

Ya nne iliniuma kwa namna nyingine. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanapita pembeni mwa kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachozuia yasije kwenye miguu ya abiria ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya lile pambo la mlango. Fundi niliyempa kazi ya mota ya kioo miaka ya nyuma aliichana ile plastiki akaitupa. Vitundu vya chini navyo vilikuwa vimezibwa na rangi ya ile gereji ya kwanza, hivyo maji yalikuwa yanasimama ndani ya mlango na kuula kutokea ndani.

Pia alinifundisha kutofautisha maji. Yakija siku ya jua kali na umewasha kiyoyozi, ni safi na hayana harufu, basi mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba, na dawa yake ni kuuzibua tu. Yakiwa yana rangi, yanateleza vidoleni na yana harufu tamutamu, hayo ni ya rejeta, yanavuja kwenye hita. Yangu yalikuwa ya mvua matupu, lakini ule mpira wa kiyoyozi aliuzibua palepale kwa sababu ulikuwa nusu umeziba.

Kazi ya kutu nitaieleza kwa ufupi kwa sababu hapa fundi mzuri anafanana na fundi mzuri mwingine. Alichomoa betri, akashusha tangi la mafuta kabisa na kuliweka mbali, kwa kuwa liko chini ya siti ya nyuma, karibu na moto. Akakata kwa grainda mpaka bati lilipoonekana jeupe pande zote. Tundu la kidole lilikuja kuwa kubwa kuliko kiganja changu. Akakata kiraka cha shiti ya bati, akakichomelea kwa mashine ya waya, kidogo hapa kidogo kule, ili bati lisijikunje kwa joto kama linavyojikunja kwa gesi. Sehemu zenye kutu ya juujuu tu, alizipiga brashi ya waya na kuzipaka dawa ya kutu, ile inayogeuza wekundu kuwa weusi. Alisisitiza kwamba dawa hiyo ni kwa bati lililo zima bado. Haizibi tundu, na juu ya magamba yanayobanduka haina kazi. Kisha praima ya epoksi, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu, ile ya makopo mawili yanayochanganywa, ikalala usiku mzima. Maungio yote akayapaka Sikaflex, gundi ya kuzibia ambayo ni ya poliyurethani, inakauka kwa unyevu wa hewa na inabaki kama mpira hata gari likitikisika. Taa za nyuma akazirudisha na utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama lami, ambao siku ukitaka kubadili taa unavutika bila kuvunja kitu. Mlangoni akabandika plastiki mpya na kuzibua vitundu. Mwisho akapuliza nta ndani ya milango na ndani ya boksi za chini ya milango.

Nilimuuliza kuhusu oili chafu, maana kila dereva pantoni anashauri kupiga oili chafu chini ya gari. Akasema inasaidia wiki chache, halafu inaoshwa na maji, inashika mchanga, na inaharibu mipira ya miguuni mwa gari. Aliniambia pia nisikubali kuishi na kizibo cha chini ya shimo la spea kimeondolewa ili maji "yatoke yenyewe". Tundu likiwa wazi, vumbi na moshi wa ekzosi vinaingia ndani ya gari walimo watoto.

Ufundi alichukua 420,000. Vifaa nilinunua mwenyewe, vingi eneo la Gerezani, mjini: epoksi 85,000, Sikaflex mirija mitatu 75,000, nta makopo mawili 60,000, butili 30,000, shiti 15,000. Jumla 685,000. Yaani tofauti na ile kazi iliyokufa kwa miezi saba ni shilingi 35,000.

Ya kulalamikia yapo. Aliahidi siku tano, zikawa tisa, na siku ya sita simu haikupokelewa. Hana risiti, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo kama gari ni la ofisi utapata shida ya hesabu. Na rangi si fani yake: rangi ya mfuniko wa buti imepishana kidogo na ya bodi, jua la jioni likipiga unaona wazi. Kwa gari la kuuza ningempa yeye bodi, rangi nikampelekea mtu mwingine.

Masika ya kwanza nilikuwa nafungua buti kila baada ya mvua, naweka gazeti kavu kwenye shimo la spea. Halikulowa. Ya pili nikaacha kuangalia mpaka katikati ya Aprili, mvua ilipopiga usiku kucha na barabara yetu ikawa mto. Asubuhi nikaingiza mkono chini ya kapeti upande wa abiria na moyo unadunda. Pakavu. Nilisimama pale nje na khanga begani nikamshukuru Mungu, kisha nikampigia mzee simu.

Kilichorudi ni lengelenge moja, kama punje ya hindi, chini ya mlango wa nyuma wa kushoto. Nilipompelekea alilikwangua, akakuta pembe ambayo nta haikufika, akairudia bila kunidai kitu.

Naegesha juani siku hizi, na kila Jumamosi natoa majani chini ya waipa kwa mkono. Tukishuka kwenye pantoni siku ya upepo, jioni namwagia gari maji baridi ya bomba, hasa chini na kwenye matao. Ukitaka kwenda kwa mzee, au kwa fundi yeyote wa kazi hii, mpelekee gari likiwa limekauka siku mbili tatu, na mwambie kabisa mvua ikinyesha maji unayaona wapi kwanza. Mimi nimeweka nafasi kwake Septemba, kabla ya vuli, kwa ajili ya mpira wa mlango wa dereva. Umeanza kukakamaa.