TAHADHARI: "Mtaalamu wa AS/400" anayeuza programu ya kutibu mafaili

Ndugu zangu mnaohudumia AS/400, zile kompyuta kubwa za biashara za IBM ambazo mfumo wake sasa unaitwa IBM i, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akijiita mtaalamu wa mashine hizi. Sisi ameshatutapeli. Soma mpaka mwisho kabla hujamtumia hata shilingi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunahamisha save file (faili la AS/400 linalobeba nakala ya akiba) kutoka mashine kuu kwenda ya akiba, kwa FTP, yaani njia ya kusafirisha mafaili kwenye mtandao, tukipitia kompyuta ya Windows. Kila mara skrini inasema faili limefika, lakini ukijaribu kulirejesha kwa amri ya RSTLIB, mashine inalikataa. Usiku wa pili mwenzetu akauliza kwenye grupu. Hazikupita dakika kumi, jamaa akaja inbox: diski yenu inakufa, nina programu ya kusafisha mafaili, shilingi 1,800,000, nusu kwanza. Tukalipa kwa simu. Kisha akaomba nywila ya QSECOFR, akaunti yenye mamlaka yote ya mashine, na tukampa. Hilo linaniuma kuliko hela.

Hakuuliza toleo la mfumo. Hakutaka kuona joblog, yaani kumbukumbu ya kilichotokea kazi ilipoendeshwa, wakati fundi yeyote wa kweli angeanzia hapo. Alikaa ndani ya mashine kama saa nzima, akasema tayari, tukamalizia nusu iliyobaki. Faili likakataa vilevile. Tangu hapo simu haipatikani.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyefanya kazi benki miaka mingi. Aliuliza swali moja tu: "Mliandika BIN?" Hatukuandika. BIN ni amri ya kuiambia FTP isafirishe faili kama lilivyo, bila kulitafsiri. FTP ya Windows huanza kwa ASCII, na AS/400 inatunza herufi kwa EBCDIC, mifumo miwili tofauti ya kuandika herufi, kwa hiyo njiani kila kitu kinatafsiriwa kana kwamba ni maandishi. Save file si maandishi, ikitafsiriwa imeharibika. Akatufundisha kipimo: rekodi ya save file ina baiti 528, basi gawanya ukubwa wa faili lililofika kwenye Windows kwa 528, kisibaki kitu. Letu liligoma kugawanyika. Tukarudia kwa BIN, safari zote mbili, na upande wa kupokelea tukatengeneza save file tupu kwa amri ya CRTSAVF kabla ya kutuma. Likarejeshwa mara ya kwanza. Gharama: sifuri.

Na FTP ikikuonyesha kosa 425, usikimbilie kununua chochote. Mara nyingi ni faiawoli imeziba njia ya data, jaribu passive, yaani kompyuta yako ndiyo ifungue njia hiyo, kwa programu ya FTP inayoiruhusu.

Kama mtu huyu ameshagusa mashine yako, badilisha nywila ya QSECOFR sasa hivi, halafu piga WRKUSRPRF *ALL, ikuonyeshe akaunti zote, upitie jina moja moja. Kwetu tulikuta profile (akaunti) ambayo hakuna aliyeitengeneza, ina *ALLOBJ, yaani ruhusa ya kugusa kila kitu, jina limefananishwa na la mfumo ili lisishtue. Tumeifunga, na risiti za miamala tumezipeleka polisi. Aliyekutana naye aniandikie inbox, tuunganishe ushahidi.