Mtutu wa mzee wangu umerudi mweusi: fundi bunduki wa Nyakato, Mwanza

Bunduki yenyewe ni shotigani ya mitutu miwili ubavu kwa ubavu, geji 12, kazi ya Birmingham. Ukiitoa mitutu kwenye kitako, chini yake utakuta herufi BNP zenye taji juu, alama ya ukaguzi ya Birmingham kule Uingereza. Mzee wangu alikuwa nayo kabla sijazaliwa. Alipofariki niliihamishia kwangu kwa taratibu zote za polisi, na kazi yake leo ni nguruwe pori wanaovamia mihogo yetu huku Sengerema, shamba ambalo mwisho wake ni matete na maji.

Ziwa ndilo lililoila. Hewa ya huku haikionei chuma huruma, na mtutu ukishapoteza weusi wake unabaki uchi. Mkono wa kushoto wa mzee, miaka nenda miaka rudi, ulikuwa umelamba weusi wote mbele kidogo ya mbao ya kushikia, pakawa peupe kama mgongo wa kijiko. Kutu ilianzia hapo, ikapanda hadi karibu na mdomo.

Miaka mitatu iliyopita niliipeleka kwenye karakana moja ambayo siitaji. Waliisugua kwa mashine ya diski kama wanavyosugua geti, wakaipaka dawa ya baridi, ile ya kufuta kwa kitambaa tu. Siku ya kuichukua iling'aa nikafurahi. Haikupita miezi minne weusi ukawa umehamia kwenye vitambaa vyangu na kutu imerudi. Kibaya zaidi, maandishi yaliyochongwa juu ya mtutu yalikuwa yamelika kingo. Hayo hayarudi.

Kwa hiyo safari hii niliuliza kwanza, nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Nyakato. Nilikodi gari la jirani, maana silaha siwezi kuipandisha kwenye hiace, tukapita daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kushinda foleni ya kivuko na bunduki miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leseni iko wapi?"

Hakuigusa bunduki mpaka alipoisoma leseni, akasoma namba iliyo kwenye chuma kwa sauti, akalinganisha, akaiandika kwenye daftari lake kubwa na mimi nikasaini. Kama silaha yako haina karatasi, usijisumbue kwenda. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo, na yeye pia hana. Aliniambia mapema kwamba mahali penye namba na penye alama za Birmingham msasa wake haupiti.

Kisha akaning'iniza mitutu kwa kidole chake kwenye ndoano ya chini, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele, sauti ndefu. Akagonga tena, akasikiliza. Mitutu miwili ya namna hii imeunganishwa kwa lehemu, pamoja na ule utepe wa chuma unaopita katikati. Lehemu ikiachia mahali, mtutu haulii, unatoa sauti ya debe lililopasuka. "Wako mzima," akasema. Nilikuwa sijajua kwamba nimeshika pumzi.

Akaniita dirishani. Akaniambia nitazame juu ya mtutu kwa urefu, huku mwanga wa dirisha ukilala juu ya chuma. Mstari wa mwanga ulitakiwa unyooke kama uzi. Wangu ulikuwa unacheza kama maji ya ziwa pale Kamanga upepo wa mchana ukianza. Hiyo ndiyo kazi ya ile diski, na mimi nimeibeba miaka mitatu bila kuiona.

Nikamwomba aondoe mashimo yote ya kutu, mtutu ubaki laini kabisa. Akakataa. Alichukua kipimo akapima unene wa chuma sehemu baada ya sehemu, pembamba zaidi pakatoka milimita 0.7. Pangekuwa chini ya nusu milimita, alisema, angenirudishia bila kuugusa. Shimo refu halifutiki bila kushusha chuma chote kinacholizunguka, na huo ukuta ndio unaozuia moto wa baruti usikufikie usoni. Basi mashimo manne karibu na mdomo yamebaki, madogo, meusi, na mimi sina kinyongo nayo.

Akapima na chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Zangu ni milimita 65, na risasi nilizokuwa natumia zimeandikwa 70. Ganda la 70 likifunguka ndani ya chemba fupi linabana njia, shinikizo linapanda. Hilo sikumuuliza wala hakunitoza, na ndilo linalonifanya nimwamini kuliko jingine lolote.

Kazi yenyewe anaiita kupika mtutu. Siku alipoianza nilirudi kwake nikakaa naye siku nzima. Msasa ameuzungushia kipande cha mbao kirefu na anasugua kwa urefu wa mtutu tu, namba 240, kisha 320, anaishia 400. Haung'arishi zaidi ya hapo kwa sababu chuma kinachong'aa kama kioo hakishiki kutu sawasawa. Ndiyo, anatafuta kutu. Akishaosha mafuta yote hagusi tena kwa mkono mtupu, anaziba midomo kwa vizibo vya mti, anapaka dawa kwa pamba, mkono mwepesi, mara moja kwenda, bila kurudia. Mtutu unalala kwenye kabati lenye beseni la maji chini. Baada ya saa kadhaa umevaa kutu nyekundu laini, kama vumbi la barabara ya kijijini juu ya jani.

Kisha unaingia kwenye kihori kirefu cha chuma juu ya jiko la mkaa. Maji ni ya mvua, kutoka kwenye simtanki lake, kwa sababu maji yenye chumvi huacha madoa. Yanachemka robo saa. Nilisimama juu ya mvuke nikiona wekundu unavyokufa: kwanza kahawia, halafu zambarau ya jioni, halafu mweusi wa masizi. Akautoa, akausugua kwa stilwaya laini isiyo na mafuta, masizi yakadondoka, chini yake kukabaki kivuli chembamba cha kijivu. Kivuli tu. "Hiyo ni moja," akasema. Alirudia mara nane, kila mara weusi ukizidi kina.

Kuna njia ya haraka, ya kuchovya kwenye chumvi kali zilizochemshwa hadi nyuzi 140 hivi, na kwa bunduki nyingi inafaa. Kwa mitutu ya lehemu ni msiba. Chumvi zile zinakula lehemu, zinajificha chini ya utepe, zinavuja miezi na miezi. Ukisikia fundi anakuahidi mitutu miwili ya kizamani kwa siku moja, muulize anatumia nini.

Malalamiko yangu ni muda. Aliniambia wiki mbili zikawa tano, na simu hapokei akiwa kazini. Nilikwenda mara moja nikarudi mikono mitupu na mafuta ya gari yameungua. Angalau angetuma ujumbe. Bei ilibaki ile ile tuliyopatana, shilingi 280,000, na sikujuta hata shilingi moja.

Kabla hajaanza msasa alinipigia, mara hiyo moja. "Baba Kulwa, hapa pamelika kwa mkono wa mtu. Nikisugua, alama inaondoka. Niondoe?" Nilishindwa kumjibu. Nikamwomba anisubiri, nikampelekea mama simu kule jikoni. Alisikiliza akiwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. "Mwambie aondoe. Baba yako hakuwahi kuilaza bunduki na kutu."

Nilipoirudisha nyumbani mama aliomba aione kwenye mwanga. Mstari umenyooka, uzi mtupu, weusi wenye buluu kwa mbali. Alipitisha kiganja mbele ya mbao ya kushikia, taratibu, akapatafuta pale mahali. Halafu akaona alama za vidole vyake mwenyewe juu ya chuma, akaniagiza kitambaa na mafuta.